Ng'ombe wa Mogitu na Kidude cha Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimenunua redio mbili za kuongea. Siyo za taarifa ya habari. Hizi unasema huku, mwenzako anasikia kule, hakuna vocha. Zilikuwa kwenye matrekta ya shamba fulani la ngano, shamba likafa, zikaishia kwa Tawakali, duka la vyombo, Katesh. Akaniuliza, bibi, za nini? Nikamwambia za shughuli.

Shughuli yenyewe naiandika humu. Kuandika nilijifunza uzeeni, kisomo cha watu wazima, na daftari halina mdomo.

Ng'ombe wangu Madoa yuko Mogitu kwa Hhando mwaka wa sita. Nilimpa amtunze. Maziwa na samadi vyake, ndama wangu. Ndiyo desturi yetu. Sasa binti yangu Rogathe amefiwa na mume, amerudi hapa kwangu Gitting na watoto watatu. Wanakunywa chai ya rangi. Na Madoa anazaa wiki hii.

Namtaka ng'ombe wangu. Lakini humnyang'anyi mtu ng'ombe aliyemtunza vizuri. Ni kumtukana mbele ya ukoo wake wote. Mpaka awe na kosa. Na Hhando hana kosa. Miaka sita, mjinga yule, hata moja!

Kwa hiyo nitamkamata nalo. Kuna watunzaji, mtamba akizaliwa, wanakuambia ni dume. Au alikufa, tukazika. Ukipiga simu, mtandao hakuna. Kule kwa Hhando mtandao hakuna kweli, na hapo ndipo atakapojificha. Nimemletea redio. Tuone.

Jirani yangu Perpetua kasema si umwombe tu. Perpetua hajawahi kuwa na akili, hata tulipokuwa wasichana.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimepeleka redio Mogitu kwa bodaboda. Nimemwambia Hhando ni zawadi ya Pasaka, imewahi. Akaigeuza geuza, akacheka kidogo, akasema asante mama. Akaniwekea na viazi kwenye mfuko. Hiyo ni mbinu.

Yangu nimeifunga jikoni kwenye betri ya sola. Tawakali alinifundisha jana. Ina vidude vitatu vya kuzungusha. Cha kwanza sauti. Cha pili namba, zote mbili ziko kumi na nne, nisiguse. Cha tatu cha kunyamazisha mkwaruzo, nizungushe kidogo tu mpaka ukome, nikizidisha nitawafungia watu nje. Halafu kitufe kwenye maiki. Ukibonyeza njia inafunguka. Akaendelea na mengine, nikamwambia nimeelewa. Mimi nimezalisha ng'ombe na wanawake, sitashindwa na kidude.

Saa kumi na moja jioni nikabonyeza. Nikasema, Hhando, ni mimi. Nikangoja shikamoo yangu. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kidole gumba kikawa cheupe. Kimya. Mimi nina miaka sabini na tatu, yule nilimwona anabatizwa. Marahaba ikanikalia mdomoni mpaka nikaizima redio.

Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi
Nimepakwa majivu, nimekumbushwa kuwa mimi ni mavumbi. Nikarudi nyumbani nikampigia Tawakali simu kumwambia redio yake ni mavumbi pia. Amefunga Ramadhani, sauti imemkauka. Akasema, bibi, ukimaliza kusema achia kitufe. Ukikishikilia husikii kitu.

Angesema tangu mwanzo.

Nikaachia. Papo hapo Hhando huyo. Shikamoo mama, shikamoo mama, tangu jana nakusalimu, umekasirika? Marahaba, nikamwambia, Madoa vipi? Akasema kiwele kimejaa, amekataa majani, labda kesho. Anasema ukweli mapema namna hii ili nisimshuku.

Sasa huo mkwaruzo. Mchana kutwa kama mtu anakaanga mafuta yenye maji. Mtoto mdogo wa Rogathe kashindwa kulala. Nikashika kidude cha tatu nikakizungusha mpaka mwisho, kikagoma. Kimya kitamu. Kazi ya nusu nusu siipendi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Hakuna sauti tangu asubuhi. Nimeita mara sita. Nimebonyeza, nimeachia, kila kitu kama alivyosema Tawakali. Hakuna.

Basi amezaa! Na ni mtamba, kwa nini tena anyamaze? Nimefurahi mpaka nimewapa watoto sukari ya kulamba. Perpetua kapita, kasema huenda redio imeharibika. Nimemwambia redio ni nzima, aliyeharibika ni Hhando. Kasema nina roho ngumu. Kala viazi vya Hhando sahani mbili, halafu ndiyo akaondoka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Nimepata dawa. Tawakali kasema mwenyewe, ukibonyeza njia inafunguka. Sasa kama njia inafunguliwa dakika moja moja, nitamsikiaje mtu anayejificha? Njia iachwe wazi. Nikanyamaza mimi, yeye atajisahau, ataongea na mke wake habari za mtamba wangu.

Nimefunga kitufe kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Taa nyekundu imewaka, haizimi. Nzuri sana. Nikaendelea na kazi zangu.

Perpetua alikuja kuchambua maharage, nikamweleza mpango wote, kuanzia Jumatatu. Akasema ni dhambi, tena Kwaresima. Nikamwambia dhambi ni wale watoto kunywa chai ya rangi. Tukamsema Hhando kidogo, kwa ajili ya mazungumzo tu. Anavyoimba kanisani kama mlango usiotiwa mafuta. Ile pua. Ugali wa mke wake, ambao mbwa wa Mogitu wanaukimbia.

Mchana Rogathe alinikuta namenya vitunguu. Akaanza tena, mama tunakulemea, nitafute kibarua Babati, watoto nikuachie. Nikamwambia akome. Nikamwambia hapa ni kwako, nilikuzaa juu ya sakafu hii, hutaomba radhi kwa kula. Akalia. Nikamwambia kama ni kulia alie huku anamenya, kazi isonge. Tukalia wote wawili, mimi kwa sababu ya vitunguu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Mpira bado, taa bado, Hhando bado. Redio imepata moto kwa bidii, paka amelala juu yake. Betri imelegea saa nane mchana.

Perpetua tena, asubuhi. Mwombe tu, mwombe tu, kama kasuku. Nikachoka, nikamwambia kwa sauti ili imwingie. Nikasema, Perpetua, mtu mbaya ningemwomba leo hii. Hhando alilala zizini na Madoa wiki nzima alipougua. Mtu kama huyo utamwambiaje rudisha? Nitafute kosa lake, nisipolipata wajukuu wangu watakunywa maji.

Kaondoka bila kula. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Aibu. Naandika huku nimegeukia ukuta.

Tumetoka Misa, tunamkuta Hhando getini kwangu. Kaja na toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ndama amelala kwenye boksi la nyuma juu ya majani. Mtamba, madoa kama mama yake. Na mama yake nyuma, kamba mkononi mwa Hhando, kiwele kama ngoma.

Shikamoo mama. Marahaba. Nikamwuliza vipi, ukimya wote huu. Akaingia jikoni, akaiangalia redio, akafungua ule mpira taratibu kama anafungua kidonda. Akashika kidude cha tatu akakirudisha. Mkwaruzo ukarudi.

Akasema, mama, Alhamisi alfajiri Madoa alizaa, nimekuita mpaka nikakauka. Ulikuwa umefunga masikio kwa hiki. Ijumaa ukafunga kitufe kwa ule mpira. Kitufe kikibonyezwa wewe ndiye unasikika, sisi hatuwezi kukujibu. Siku mbili. Nikamwuliza amejuaje mambo ya redio. Akasema alikuwa dereva wa trekta kwenye lile shamba miaka saba, redio hizi ndizo alizotumia.

Sikumbuki kumwuliza kazi aliyofanya.

Nikamwuliza wamesikia nini. Akasema walisikia vizuri sana. Majirani walileta vigoda. Mke wake anasalimia, anakaribisha, ugali upo. Perpetua alikuwa kwenye uzio, akakohoa kikohozi cha uongo.

Halafu Hhando akamwangalia Rogathe, hakuniangalia mimi. Akasema, dada, ng'ombe wako huyo. Mkamue mapema, bado ana dang'a, maziwa ya kwanza, wachemshie watoto. Kwangu akasema neno moja tu. Mama, ungesema.

Rogathe kakamua. Watoto wamekunywa mpaka midomo ikawa myeupe. Nilimfuata Hhando barabarani nikampa kuku wawili na koti la marehemu mume wangu, nikamwambia anaimba vizuri. Akasema asante, lakini hilo hakulisikia redioni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri.

Mtu harudishi ng'ombe hivi hivi. Tena na toyo amekodi mwenyewe. Tena katukanwa siku mbili na hakununa. Rogathe anasema huo ni wema, Perpetua anasema ni wema, kwaya nzima inasema ni wema. Hao hawajaishi.

Nimeamua mtamba akiacha kunyonya nimpelekee Hhando amtunze, kama alivyomtunza mama yake. Rogathe kanikumbatia, kasema mama umebadilika. Ni haki yake Hhando, sikatai, nampenda yule mtoto kama wa tumbo langu. Lakini nataka na redio nyingine ndogo, ya kufichwa zizini chini ya majani, asiione.

Nimempigia Tawakali. Akaniuliza, bibi, kwani huyo bwana amekukosea nini?

Nimemwambia, ndicho ninachotafuta.