Skrini Iliyopitishwa Kisegi

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, majogoo hata hawajaamka, nami nimeshavaa viatu vya kanisani. Natangaza kwa unyenyekevu: nimeteuliwa Mjumbe wa Kamati ya Tathmini ya Awali ya Skrini ya Michezo ya Kompyuta, Kisegi na Viunga Vyake.

Skrini yenyewe haijaanza kuuzwa popote duniani. Ndiyo maana tathmini ikaitwa ya awali.

Mjukuu wangu Dorine, anayetengeneza simu katika ukumbi wa vijana, hakufurahi.

"Dani, bibi yangu, hiyo ya skrini si pesa ya mabati yetu? Mvua inaninyeshea kwa meza. Simu za watu zinaoga!"

"Nyathina, mtoto wangu, wanasema picha yake inabadilika mara mia tano kwa sekunde."

"Na paa je?"

Paa, kwa kweli, lilikuwa halijabadilika hata mara moja.

Mkurugenzi Mokaya, mwenye bajeti ya ukumbi, alifika kutoka mjini Homa Bay. Ni mtu mwema: alinishika mkono nikipanda ngazi ya ukumbi, akanipa soda yake kwa sababu yangu haikuwa baridi. Alieleza kwamba skrini ikinunuliwa itakaa kwanza sebuleni kwake, kwa uchunguzi wa miaka kadhaa.

"Lakini sheria inataka wananchi waone kitu kabla hakijanunuliwa," alisema. "Kwa kuwa kitu hakipo, tutatumia kiwakilishi."

Kiwakilishi kilikuwa fremu tupu ya mbao, iliyopigiliwa na fundi Nyabuto kwa vipimo rasmi. Ikasimamishwa juu ya meza ya Dorine, ikielekea mlango uliokuwa wazi. Tukaketi mbele yake, kalamu mkononi, tukatazama.

Nje, akina mama walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Mbwa akapita.

"Mwendo wa mbwa umekaa aje?" Mokaya akauliza.

"Laini kabisa, bosi," akasema Bashir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Hakukwama hata kidogo."

"Rangi?"

"Ni kama uko hapo," nikasema.

Kisha mvua ikanyesha ndani ya skrini. Ikanyesha pia juu yetu. Mokaya akafuta miwani, akakiri kwamba hata televisheni yake ya nyumbani haijawahi kumlowesha.

Tukapiga kura, mikono yote juu. Mokaya akasoma azimio: wananchi wa Kisegi wameridhia inunuliwe skrini waliyoonyeshwa.

"Waliyoonyeshwa?" Dorine akauliza.

"Waliyoonyeshwa!" akasema Mokaya, akapiga muhuri, paa!

"Basi ni hiyo hapo mezani," nikamwambia Mokaya polepole. "Sheria ni sheria, mwanangu. Nyabuto, unauza ngapi?"

Nyabuto akataja bei ya mbao na misumari. Mokaya akautazama muhuri wake, kisha akamhesabia Nyabuto pesa. Kabla ya wiki kwisha, Bashir alikuwa ameshaleta mabati kwa pesa iliyobaki.

Baadaye nilimpelekea Mokaya omena kavu, kumshukuru. Nilimkuta sebuleni kwake mbele ya fremu, akiendelea na uchunguzi aliouamuru mwenyewe. Fremu ilielekea ukutani. Nikavuta kiti, nikaketi upande wa pili wa fremu, ukuta nyuma yangu, tukaongea habari za watoto wake hadi chai ikapoa.

Langoni alinishika mkono kama siku ile ya ngazi.

"Mama, utakuja tena? Ukienda, hakuna kitu kwa skrini."