Skrini kwenye Mazishi ya Tata Nyambura

Leo nimeaibika mbele ya jeneza. Sijui kama kuna mahali pabaya zaidi pa kuaibikia. Kama mnapajua niambieni, nitafarijika.

Tulikuwa tunamzika Tata Nyambura, dada mkubwa wa mama yangu Wangeci, kule Wamagana. Tata aliugua sana, na kabla hajakata kauli aliwaachia watu video. Alijirekodi mwenyewe kwa simu akiwa kitandani. Binti yake, Wairimu, ndiye peke yake aliyekuwa ameiona. Na Wairimu alitaka kitu kimoja tu: watu wote wamwone mama yake akiongea kabla jeneza halijashuka. Ile video akaniletea mimi. Kwa sababu niko na laptop.

(Shule niliachia kidato cha pili. Lakini kwetu ukionekana na laptop wewe ni injinia, hata kama unaitumia kuandika bei za mbegu.)

Jana laptop iliniuliza kama nataka mfumo mpya. Imekuwa ikiniuliza kwa muda mrefu na mimi huwa nakataa. Jana nikafikiri, mazishi ni jambo kubwa, watu huoga na kupiga nguo pasi, acha laptop nayo ijitayarishe. Nikakubali.

Asubuhi ikaamka mgonjwa. Skrini ilikuwa na mistari kama mvua kwenye dirisha. Upande mmoja maandishi makubwa, upande wa pili yanatetemeka. Nikaizima, nikaiwasha. Mistari ikaisha, rangi nazo zikageuka. Tata kwenye picha alikuwa kijani kama majani ya chai. Nikampigia Kamau, rafiki yangu anayetengeneza simu Karatina.

"Umeiwekea mfumo mpya?" akauliza.

"Ndiyo."

"Siku ya mazishi?"

"Siku moja kabla."

Akaniandikia dawa, kama daktari. "Basi rudisha ile programu ya zamani ya kuendesha skrini. Hii mpya haipatani na mashine yako."

Tukatafuta pamoja kwa simu hadi tukaipata. Rangi zikatulia. Tata akarudi kuwa mtu. Nieleweke hapa: Kamau alinisaidia vizuri, na kwa yaliyofuata asilaumiwe.

Kule Wamagana, mwenye hema alikuwa ameleta TV kubwa na kuiweka juu ya meza, ikiwaangalia waombolezaji. Jeneza mbele yake. Mimi nikakaa nyuma ya TV, kwa sababu waya ya kuunganisha laptop na TV ilikuwa fupi, na pia kwa sababu sipendi kutazamwa. Kutoka pale nilikuwa naona nyuso za watu, lakini mgongo tu wa TV. Stima ikapewa TV na spika. Laptop ikabaki kwa betri.

Nikachomeka waya, nikawasha laptop. Skrini ya laptop ikawa giza.

"Yangu imewaka," mwenye hema akasema kutoka upande ule mwingine. "Naona picha ya mlima na vitu vyako vidogo vidogo." Kisha akaenda kukaza kamba, kwa sababu anga upande wa milima ya Nyandarua ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa mvua.

Ningeweza kuzunguka mbele nikaangalia TV. Nakubali. Lakini ningepita kati ya jeneza na wafiwa huku pasta anaomba, na kuna mambo mtu hafanyi.

Nikakumbuka Kamau aliwahi kuniambia, skrini ikiwa giza imulike na tochi kwa upande, utaona kivuli cha vilivyomo. Nilihitaji mikono yote miwili, kwa hivyo simu nikaiuma kwa meno, tochi ikiwa imewaka. Kweli, vivuli vikaonekana. Nikabonyeza mahali ile video ilikuwa. (Sikukumbuka kwamba mfumo mpya umehamisha kila kitu, kama mgeni aliyekusaidia kupanga jikoni.)

Kukatokea uso. Hafifu sana, karibu sana. Nikajua ni Tata. Si alijirekodi amelala, simu imemkaribia, kama wazee wote? Na ukoo wetu pua ni moja. Roho ikatulia. Nikamwinulia mkono Mzee Gichuki, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiongoza shughuli.

Mzee Gichuki alikuwa amesimama ubavuni mwa TV, macho kwa watu. "Wapendwa," akasema kwa maiki, "tusimame. Tumtazame huyu mama kwa mara ya mwisho. Uso huu hatutauona tena."

Watu wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyecheka, na hilo naliandika kwa heshima yao. Niliona huzuni kwenye nyuso zao, kisha ile huzuni ikaanza kuchanganyika na kitu kingine.

"Mwangalieni vizuri," Mzee Gichuki akaendelea. "Muone vile amepumzika. Uchungu wote umeisha."

Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuanzishia video. Mate yalikuwa yananitiririka kidevuni. Nikangoja Tata aongee. Hakuongea. Pua ikaniwasha, nikajikuna.

Tata naye akajikuna.

Nikaacha. Tata akaacha.

(Hata hapo sikuelewa mara moja. Kwa muda mfupi niliamini jambo lingine, na mimi ni mtu wa kanisa.)

Kwenye viti vya mbele alikuwa Mama Njoki, rafiki wa Tata tangu ujana wao. Alisema polepole, lakini hema lote lilisikia: "Mwalimu, huyu si Nyambura. Huyu ni kijana wa Wangeci. Na ako na simu kwa mdomo."

Nilikuwa nimefungua kamera ya laptop.

Mzee Gichuki akageuka. Akaitazama TV. Akachungulia nyuma, akanitazama mimi. Akarudi kwa watu.

"Ketini," akasema.

Nikang'oa waya. Wairimu akaja nyuma ya TV, macho yamevimba. Nilitaka anitukane, ingekuwa haki yake.

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Kabisa?"

"Sioni kitu, Wairimu. Nisamehe."

Matone yalikuwa yameanza kugonga hema. Wale wa kaburi walikuwa wanaangalia juu. Ule udongo mwekundu ukilowa, wabebaji huteleza, na kila mtu pale alilijua hilo. Hapakuwa na muda. Wairimu akatoa simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaishikilia kwenye maiki.

Kwa hivyo Tata hakuonekana. Alisikika. Kwanza ilikuwa pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka. Kisha sauti yake.

"Mnaniona?"

Ni Mama Njoki aliyejibu.

"Hapana, Nyambura. Tunakusikia tu."

"Haya," Tata akasema ndani ya simu. "Mkimaliza mkule. Na msimwache Wairimu peke yake."

Hapo ndipo watu walilia. Wengine walicheka huku wanalia, na sikuthubutu kuuliza ni nani anamlilia Tata na ni nani ananicheka mimi. Tulimteremsha mvua kubwa ikiwa imetukaribia kabisa.

Sasa niko nyumbani, na hii naiandika kwa laptop ile ile. Inawaka vizuri. Kumbe mfumo mpya, ukiikuta mashine iko kwa betri, unashusha mwangaza hadi mwisho. Kitufe cha kuuongeza kiko pale juu, kimechorwa jua dogo. Nimekibonyeza, skrini ikawaka, nikakaa nikiiangalia bila kufanya kitu. Wairimu alikuwa ameomba jambo moja.

Mfumo siulaumu. Labda ulinieleza jana nikabonyeza "sawa" bila kusoma.

Basi msinicheke. Watu wa Wamagana wamesimama, wamevua kofia, wamenitazama kwa mara ya mwisho. Mkiniona sokoni Karatina wiki ijayo, naomba msishtuke.