Lorna na Wastani wa Idara

Jumatatu, 4 Februari 1985
Theluji mpaka madirishani. Lorna kapiga simu kutoka California. Amechoshwa na jua, angependa kurudi kwetu Iowa kufundisha, ila hawezi kuhamia idara ya saikolojia isiyokuwemo hata kwenye hamsini bora nchini. Sisi ni wa hamsini na nne. Tangu aondoke, kiti chake kwenye chumba cha kahawa hakikaliwi na mtu, nakilinda mimi. Nimemkumbuka mpaka kahawa hainishuki. Lazima idara ipande.

Jumatano, 6 Februari
Nimepata ufumbuzi! Wapimaji wanaopanga idara kwa ubora huchukua makala zetu zote zilizotoka majaridani, wakazigawa kwa idadi ya walimu. Kuandika makala ni kazi ya miaka. Kupunguza mwalimu ni kazi ya asubuhi moja. Nikamshauri Buell, mkuu wetu, mvivu mmoja ahamishiwe Idara ya Ualimu kabla majina hayajapelekwa. Nilimlenga mzee Pettibone, anayekoroma vikaoni. Buell akasema leo nimetumia kichwa.

Ijumaa, 8 Februari
Kikao. Kumbe Pettibone ana makala saba, zote kuhusu usingizi. Buell akauliza nani hana hata moja. Mkono uliopanda ulikuwa wangu peke yangu. Miaka yote hii nimeshinda nikihesabu za wenzangu, muda wa kuandika zangu ningeutoa wapi? Stroud, hasimu wangu, akanipigapiga begani: "Pole, Teague. Lakini wazo lenyewe zuri, kaka." Nikabeba vitabu vyangu na kikombe, nikahamia Ualimu.

Jumatatu, 1 Aprili
Saikolojia imekuwa ya arobaini na tisa. Lorna amekubali kazi, na leo kaja kuangalia ofisi. Nilimpungia mkono kutoka dirisha la Ualimu, ng'ambo ya uwanja. Hakuniona. Stroud akampeleka kunywa kahawa, na bila shaka kamkalisha kwenye kile kiti. Roho imeniuma sana.

Jumanne, 2 Aprili
Nimekutana na Lorna njiani. Amekata nywele, zimempendeza. Akaniuliza, taratibu, "Orville, mimi nilikuwa nakufuata wewe. Huku Ualimu umekwenda kufanya nini?" Nikamsifia nywele. Akaenda zake.
Angeweza kuhamia huku kwetu, lakini Ualimu ni ya tisini na mbili. Nimekaa nikapiga hesabu. Tukipunguza mwalimu mmoja tu, asiye na makala, wastani unapanda vizuri. Kesho asubuhi namwona mkuu.