Wahojiwa Arobaini wa Kibaigwa

Jumatatu, 5 Mei

Balaa! Dokta Sidonia ametoa kazi ya Takwimu. Kila mmoja aende soko la mahindi Kibaigwa, ahoji wafanyabiashara arobaini: kwa siku wanakunywa vikombe vingapi vya chai, na wanapata usingizi wa masaa mangapi. Arobaini! Mimi nasoma Historia. Takwimu ni somo langu la pembeni tu. Nililichukua kwa sababu Hanifu, tunayelala naye chumba kimoja, aliniambia halina insha. Hakuniambia lina watu.

Nikifeli, sihitimu. Na mama kule Chemba keshashona sare ya mahafali. Yeye na mashangazi wote watano.

Jumanne, 6 Mei

Adija, yule msichana wa Kondoa anayekaa kiti cha mbele, ameshaenda Kibaigwa. Kofia kichwani, chupa mbili za maji. Kiherehere! Mimi nimegundua siri: Dokta hataki watu, anataka namba. Namba ninazo kichwani.

Jumatano, 7 Mei

Dakika ishirini, kazi kwisha. Vikombe vitatu kwa kila mtu. Masaa sita ya usingizi kwa kila mtu. Sikupendelea yeyote.

Tatizo moja: fomu inataka majina. Nikabuni kumi na moja, nikaishiwa. Nikatoka kunyoosha miguu mtaa wa Mkonze, nikapita kwenye kanisa la zamani. Ukutani kuna jiwe limejaa majina, ya Kigogo halisi, yamepangwa kwa safu! Nikanakili ishirini na tisa. Juu ya jiwe palikuwa na maandishi mengine, yamefifia. Sikuyajali.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewasilisha wa kwanza darasa zima! Adija kaungua na jua, ana fomu ishirini na saba tu. Anasema mmoja alimfukuza kwa kumchanganya akiwa anapima gunia. Nikampa pole, kwa sauti ya mtu aliyemaliza.

Jumatatu, 12 Mei

Dokta kaniita mbele. Nikajua ni pongezi, nikachomekea shati. Kumbe! Kachora data zangu ubaoni. Nukta moja. Watu arobaini, nukta moja! Akauliza imekuwaje. Nikasema watu wa Kibaigwa wana umoja sana.

Hata Hanifu alicheka. Kesho niende ofisini. Dokta atazipitia fomu moja baada ya nyingine.

Jumanne, 13 Mei

Dokta alisoma fomu kimyakimya. Ya kumi na tisa akairudia. Akavua miwani.

"Elieza, huyu Eliakimu Mazengo ulimhoji lini?"

Nikasema Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi.

"Alikuwa na hali gani?"

Nikasema mzee mchangamfu, tulitaniana sana.

Akaiweka fomu mezani. Kisha akasema taratibu: "Huyo ni babu yangu, mwasisi wa kanisa la Mkonze. Tulimzika mwaka tisini na tatu."

Mama yangu! Kumbe lile jiwe ni la waasisi wa kanisa! Nimehoji marehemu ishirini na tisa! Na wote nimewanywesha chai!

Nikamwambia shikamoo, ya pili asubuhi hiyo, sijui kwa nini. Dokta akafuta macho. Sikuelewa kama analia au anacheka. Akasema babu yake hakuwahi kugusa chai maisha yake yote, alikuwa mtu wa uji. Kisha sauti ikabadilika. Kanipa hadi Jumamosi nilete watu arobaini walio hai. La sivyo, kamati ya nidhamu.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwomba Adija fomu zake nichungulie. Amekataa. Amenipa kofia, na ushauri: niwahi, niwe na adabu, nisikilize. Nimepokea kofia.

Ijumaa, 16 Mei

Kibaigwa. Malori, vumbi, magunia yamepangwa kupita kimo changu. Nimetubu kabisa.

Mhojiwa wa kwanza: Mzee Mrisho, dalali. Chai, vikombe saba. Saba! Nilishtuka hadi kalamu ikanidondoka. Kichwani mwangu hamkuwa na mtu wa vikombe saba. Usingizi, masaa manne, maana malori huingia alfajiri. Akanisimulia maisha yake kwa saa mbili, ndoa, ukame wa miaka ile, lori lililopinduka na mahindi yake yote. Machozi yalinilenga. Hii ndiyo Takwimu! Nimekuwa mtu mpya.

Halafu jua likapanda. Walibaki thelathini na tisa.

Nikamuuliza Mzee Mrisho kama anawafahamu wenzake. Akasema amekaa nao miaka ishirini na mbili, anawajua kuliko wake zao wanavyowajua. Basi! Tukavuta ndoo mbili kivulini, akawajibia wote, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya saa nane nimemaliza. Mmoja wao Mzee Mrisho kamwandikisha vikombe kumi na nne, wana ugomvi wa zamani.

Safari hii sikufanya uzembe. Kila jina nilimwomba anionyeshe mwenye nalo kwa kidole, nikahakikisha anapumua.