Askari Bihagaze ni wa Kwetu

Jumatatu, 7 Machi

Presha: imepanda. Aliyeipandisha: Rahabu.

Muuguzi wa zahanati kanipa daftari hili, akasema bibi, uandike presha yako kila siku. Mashine ya kupimia hakunipa. Basi naandika ninavyojisikia na nani kasababisha.

Leo mkutano wa mtaa. Mwenyekiti Gasper kaja na kipaza sauti, watu wenyewe hatufiki arobaini. Katangaza kila njia ya mtaa wetu wa Bangwe sasa itakuwa na jina na kibao. Yetu ni hii inayotoka bombani mpaka ufukweni. Dismasi, fundi baiskeli, kasema iitwe Njia ya Matope. Kweli ni ya matope. Lakini mtu mzima unasema hivyo mbele za watu?

Akasimama Rahabu. Kavaa kitenge kipya, kama kawaida yake akitaka kusema uongo. Eti iitwe Njia ya Sajenti Bihagaze. Eti babu yake, alipigana vita ya Mjerumani, na jina lake limeonekana kwenye orodha ya zamani aliyonayo Mwalimu Oswald.

Bihagaze! Mimi nani? Leonia Bihagaze! Rahabu naye ni Bihagaze, nakubali, lakini ukoo wetu na wao hatujawahi hata kugawana chumvi. Nikasimama, nikasema huyo askari ni wa kwetu, babu yangu mzaa baba, na Rahabu aketi chini kitenge kisichakae.

Watu wakapiga makofi. Gasper kasema kila mmoja alete ushahidi Jumatatu ijayo. Asipopatikana mwenye ushahidi, inabaki Njia ya Matope.

Rahabu hakutosheka. Kasema atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi pale bombani mpaka siku ya kuzikwa. Nikasema sawa! Nilisema kabla ya kufikiri. Mimi nimwamkie Rahabu! Nimemtangulia kuzaliwa, Bangwe nzima inajua, isipokuwa yeye.

Jumanne, 8 Machi

Presha: ya kawaida asubuhi. Mchana mbaya.

Nimekwenda kwa Mwalimu Oswald na chupa ya mawese. Si hongo. Mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Mwalimu kastaafu, kazi yake sasa ni kukusanya makaratasi ya wafu na kupiga chafya.

Kanionyesha ile orodha. Nakala hafifu, kama iliandikwa na kuku. Kaniwekea kidole: Bihagaze, askari, Kigoma. Basi. Nikauliza usajenti uko wapi. Kasema hakuna usajenti. Kwa hiyo Rahabu kampandisha cheo mwenyewe, pale pale mkutanoni, kwa mdomo!

Nimekasirika sana. Halafu nimefikiri. Kama yeye kampa usajenti, wangu kwa nini awe askari wa kawaida? Kuanzia leo babu yangu ni Kapteni.

Mwalimu kasema kuna karatasi ya pili ya orodha hiyo, inaeleza kila askari aliishia wapi. Kamwandikia mwenzake mjini amtolee nakala, itafika Jumatatu. Nikasema italeta sifa tupu. Kapiga chafya.

Jumatano, 9 Machi

Presha: sitaki kusema.

Ushahidi mzuri ni wa kushikika. Nimekwenda kwenye mitumba nikapata koti. Koti hasa! Zito, rangi ya udongo, vifungo vya shaba. Nikalipaka majivu, nikalipaka mawese, nikalitundika juu ya moshi ninapokaushia samaki wangu wa migebuka. Baada ya saa nne lilikuwa na miaka mia. Paka wawili wakalipenda.

Saa saba nikalivaa kwenda bombani. Jua kali. Nikawaambia wanawake kwenye foleni hili ndilo koti la Kapteni Bihagaze, alilivaa siku Mbelgiji alipoingia Kigoma. Wakaliangalia kwa heshima. Scola jirani yangu hata kaligusa. Mpaka hapo mambo mazuri.

Jasho ndilo limeniharibia. Majivu ya mgongoni yakalowa yakatoka. Dismasi anapita na baiskeli ya mtu, kasimama nyuma yangu, kasoma mgongo wangu kwa sauti ya kanisani: MLINZI, GETI NAMBA MBILI.

Kaniuliza, bibi, Kapteni alikuwa analinda geti gani la Mjerumani? Nikamjibu la mbele. Namba mbili ndilo la mbele ukitokea ziwani. Hawakuniamini. Mwanamke mmoja kacheka mpaka ndoo yake ikamwagika, ikabidi arudi mwisho wa foleni. Hilo limenituliza kidogo.

Paka wamenifuata mpaka nyumbani.

Alhamisi, 10 Machi

Presha: imeshuka vizuri saa tatu, imepanda tena saa tatu na robo.

Zamu ya Rahabu. Kaja bombani na nishani! Kaifunga kwenye leso, kaifungua polepole kama anafungua mtoto mchanga. Duara la kung'aa, utepe wake kijani, manjano, nyeusi na buluu.

Nikauliza mbele ya wote, vita ya Mjerumani bendera yetu hii ilikuwepo? Scola kaichukua, kaigeuza, kasoma nyuma: Mshindi wa Pili, Netiboli.

Niliweka ndoo chini nicheke vizuri. Nimecheka kwa nafasi. Lakini Rahabu hana haya, mwanamke yule. Kanyoosha shingo akasema, hilo la netiboli halijui, fundi labda alikosea, lakini Mjerumani kapigana na Mwingereza, sasa nani alikuwa wa pili?

Watu wakatazamana. Mmoja kasema hapo kweli. Mwingine kasema hapo ana hoja.

Ana hoja! Nimerudi na ndoo nusu. Kinachoniuma ni kwamba jibu lile lingekuwa zuri kinywani mwangu.

Ijumaa, 11 Machi

Presha: siijui. Nimekaa tu.

Nimepanda bajaji mpaka Rusimbi kwa shangazi Rozalia, mdogo wake baba. Ana miaka tisini na zaidi, masikio mazuri kuliko yangu. Nimempelekea migebuka mitatu na unga. Nilitaka aje Jumatatu aseme mbele ya watu kwamba babu alikuwa Kapteni.

Kala kwanza. Alipomaliza kunawa kaniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi. Nikasema la nne. Kasema ndiyo maana.

Kasema mimi ni tumbo moja na baba yako. Yeye Yona Bihagaze, mimi naitwa Rozalia Buchumi. Hujawahi kujiuliza kwa nini?

Miaka sabini namwita shangazi. Sijawahi kujiuliza.

Kanieleza kama anayeongea na mbuzi. Zamani kwa Waha kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe siku ya kupewa jina. La baba lilibaki la baba. Bihagaze lilikuwa jina la Yona, la Yona tu. Nilipokwenda shule mwandikishaji alitaka jina la baba, wakaniandika Leonia Bihagaze, nami nikadhani nimepewa ukoo. Babu yangu hakuwa Bihagaze hata siku moja. Aliitwa Ruvumba. Na yule askari aliitwa Bihagaze peke yake, watoto wake wakaitwa mengine, wajukuu wake huenda wananunua mawese kwangu na hatujuani.

Nikauliza, sasa babu Ruvumba wakati wa vita alikuwa wapi? Nilitumaini.

Kasema walipokuja kukamata watu wa kubeba mizigo ya askari, babu alijifunika mtumbwi uliopinduliwa pale ufukweni. Siku tatu. Bibi alikuwa anajifanya kuanika dagaa, anamsukumia ugali chini ya ubao. Waliochukuliwa kutoka njia yetu hii walikuwa kumi na wawili. Hakurudi hata mmoja. Yeye alitoka, akapata watoto. Shangazi kasema, ndiyo maana leo una mdomo wa kusumbulia watu.

Nikaosha vyombo vyake bila kuombwa. Si kawaida yangu.

Njiani kwenye bajaji nikapata akili tena. Baba yake Rahabu alikuwa Eliakimu Bihagaze. Muha vile vile! Basi na yeye babu yake hakuwa Bihagaze! Ha!

Jumamosi, 12 Machi

Presha: nzuri. Mtu mwenye mpango hana presha.

Mpango: Jumatatu nisimame wa kwanza, nieleze mambo ya majina ya kale, nimvue Rahabu askari wake mbele ya watu, halafu niketi haraka kabla mtu hajauliza kuhusu wangu.

Hatari ni moja, shangazi. Nikarudi Rusimbi na sukari nikamwambia mkutano umesogezwa, sasa ni Jumanne. Kasema sawa mwanangu. Kaniangalia sana.

Wakati natoka, nani anashuka kwenye bajaji nyingine, kabeba sukari? Rahabu! Nikajificha nyuma ya mgomba. Kumbe alikwisha kwenda kwa shangazi siku nyingine pia, maana alipiga hodi kama mwenyeji. Shangazi yangu mimi! Hana wazee wa kwao?

Jumapili, 13 Machi

Presha: ya kanisani.

Rahabu alikaa benchi la mbele yangu. Padri kahubiri juu ya unyenyekevu. Nimemwangalia Rahabu mgongoni muda wote ili neno limwingie.

Jumatatu, 14 Machi

Presha: Mungu anajua.

Gasper kauliza nani aanze. Mimi na Rahabu tukasimama kwa pamoja. Tukaanza kwa pamoja. Tukasema kitu kimoja! Mimi nasema babu yake Rahabu hakuwa Bihagaze, yeye anasema babu yake Leonia hakuwa Bihagaze, kila mmoja anapaza sauti kummeza mwenzake. Scola kasema tulipendeza kama kwaya.

Hapo bajaji ikasimama. Shangazi Rozalia, fimbo, kilemba, miwani ya mtu mwingine. Kawaambia watu kwamba juzi Leonia alimwambia mkutano ni Jumanne, na Rahabu akamwambia ni Jumatano, akajua lazima ni Jumatatu. Kisha kawaeleza yote. Majina. Mtumbwi. Ugali. Kila kitu! Sukari yetu kala na bado kaeleza.

Gasper kauliza, sasa huyu askari ni wa nani? Mwalimu Oswald kasimama, kapiga chafya, kasoma ile karatasi ya pili: Bihagaze, askari, alitoroka baada ya mwezi mmoja na bunduki na mbuzi wa ofisa.

Nikawahi kusema, huyo ni wa akina Rahabu! Rahabu kasema hapana, huyo wa kwenu kabisa, mama, hata mwendo wako ni wake! Nikasema wizi wa mbuzi hauko kwetu! Wiki nzima tunamvuta kila mtu kwake, leo tunamsukuma kama bakuli la uji ulioungua.

Watu wamecheka mpaka Gasper akazima kipaza sauti, maana kilikuwa kinacheka chenyewe. Dismasi, na nisije nikamsahau huyu, kapendekeza iitwe Njia ya Mtumbwi, kwa ajili ya mzee aliyejificha. Mikono yote juu. Hata wa Scola!

Nikasema angalau hakuna aliyeshinda, kwa hiyo shikamoo hakuna. Shangazi kagonga fimbo. Kasema alikuwepo tukizaliwa wote wawili. Rahabu alizaliwa mwanzo wa mvua. Mimi nilipozaliwa, Rahabu alikuwa anatambaa.

Sijui kwa nini watu wanaishi miaka tisini.

Jumanne, 15 Machi

Presha: mbaya alfajiri, nzuri sana kufikia saa sita.

Bombani. Nimemwamkia. Nilijaza maji mdomoni kwanza, kama ninayesukutua. Rahabu kasema hajasikia. Nikameza, nikarudia. Marahaba yake ilikuwa ndefu kama treni ya Tabora.

Saa nne wakaja kusimika nguzo. Wameisimika mbele ya mlango wangu! NJIA YA MTUMBWI, herufi nyeupe, safi. Wanawake wakapita wakijiziba midomo kwa khanga. Dismasi kaniuliza kama siku tatu zile babu alikuwa anapata chumvi. Nikataka kuingia ndani nifunge mlango mpaka Pasaka.

Halafu akaja karani, kijana wa mjini asiyenijua, kashika kishikwambi. Kanisalimu vizuri, kasema anajaza historia ya kila jina, je bibi unafahamu lolote?

Nikamletea kigoda. Nikamwambia aandike polepole asikosee.

Kamanda Ruvumba, jeshi la majini. Wakati wa vita ya Mjerumani alilinda ufukwe huu wa Bangwe kwa siku tatu, usiku na mchana, peke yake, ndani ya chombo chake, bila kuonekana na adui. Alikuwa analetewa chakula kwa siri. Hakujisalimisha.

Kila neno kweli! Anayetaka apinge!

Karani kaandika, kashukuru, kaniita mjukuu wa shujaa. Nilikuwa bado natabasamu niliposikia sauti nyuma ya mnazi wangu. Rahabu. Anamwambia kijana asiondoke kwanza, aongeze mstari mmoja, maana babu yake yeye alikuwa kwenye mtumbwi ule ule. Alikaa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa amri.

Kesho asubuhi na mapema nakwenda kutafuta kasia la zamani. Mawese yapo, na moshi leo sijauzima.