Jamila Anateremka Mpaka Zero

Redio ya Mama Henriette, muuza kahawa wa mtaa wa Katoyi, Goma, ilikuwa imetangaza kwamba chuo kikuu kimoja mjini kinafungua masomo ya uuguzi ya ngazi ya juu kuliko zote, A0, na wasichana wanaitwa. Wanaume walioketi juu ya mawe ya lava walianza kupiga kelele kabla ya habari kwisha.

Yusufu peke yake aliendelea kunywa kahawa yake. Alikuwa dereva wa lori la kutoka Sake hadi Goma, na walimwita Vitesse, yaani Kasi, kwa sababu lori lake halikuwa nayo. Binti yake Jamila alikuwa muuguzi wa A1, ngazi moja chini ya hiyo, na leo alingoja nyumbani jibu la baba: aendelee na chuo au aolewe.

“Vitesse, mutoto wako alianza A2, akaenda A1, sasa A0?” Léopold akaangua kicheko. Huyu walimwita Ministre, yaani Waziri, tangu waasi wamwahidi cheo. “Anasoma anateremuka!”

“Wakati ya bakoloni Babeleji mimi nilikuwa A3,” akadakia mzee Valentin, muuguzi mstaafu, jina lake la utani Seringe, yaani sindano. “Wanaume tupu! Bamama walikuwa wanashika beseni ya maji tu.”

“Debe tupu!” Henriette akamkatiza. “Volcano iliposhuka, A3 yako ilikimbia mpaka Gisenyi, Rwanda. Mimi nani alinizalisha mu njia? Si Jamila?”

“Nilienda kutafuta dawa, mama.”

Walicheka mpaka Seringe akameza kahawa vibaya.

“Sawa,” akasema Ministre, “lakini A0 anakomanda ba A1 na ba A2, hata wanaume! Na juu ya nini mwanamuke ateseke hivyo? Hapa Goma chauffeur wa gari analala, anaamuka colonel wa jeshi, hakusoma hata siku moja. Huyu asome miaka yote apate zero?”

Hilo lilimchoma Yusufu. Alimpenda binti yake, na alikuwa amechoka kuona anachekwa.

“Ministre, ukitoka Sake unakuja hapa, kilometa ku mawe ya njia zinahesabu namna gani?”

“Zinapunguka.”

“Ukipita ile ziwa ya Lac Vert?”

“Zinapunguka tena.”

“Na zero iko wapi?”

“Iko hapa mu ville, katikati ya muji.”

“Na njo pale kila mutu anataka kufika. Jamila ataenda!”

Henriette akapiga vigelegele. Ministre hakukubali kushindwa. “Lakini ile borne, ile jiwe ya zero, lava ilikula!”

“Njo maana ninatuma mutoto akasimamishe ingine,” akasema Yusufu, akainuka.

Akashika njia ya nyumbani mbio, kahawa yake nusu kikombe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, jina la Vitesse lilimfaa.