Pikipiki ya Baba na Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika, tena ukweni. Kaeni vizuri niwaambie kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnaijua ile pikipiki niliyoachiwa na marehemu baba. Imenizidi umri. Rangi ni ileile ya kiwandani (iliyobaki), kiti kimechanika, tangi lina bonde tangu baba alipogonga ng'ombe. Mafundi wote wa Busia wanataka kuipaka rangi. Nakataa. Nabadilisha oili, nasafisha kabureta, nakaza nati, basi. Sura ibaki ya zamani, mradi itembee.

Leo nikaipanda kutoka Dabani mpaka Kwapa, kwa kina Amoding, mchumba wangu. Baba yake ndiye alikuwa atoe jibu kama ananipa binti au hanipi. Nikafika salama, nikaizima kwa madaha (hapo ndipo nilipoharibu).

Mzee akaizunguka, mikono mgongoni.

"Na hii ndio utabebea binti yangu?"

"Ndiyo, baba. Iko mzima kabisa."

"Mzima? Mimi naona mifupa tu. Washa, tusikie. Mtu anaweza kutunza kitu ya zamani, hata mke atatunza."

Kwa hiyo ndoa yangu ikawa inategemea kiki. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena, ikanirudishia teke la goti. Wazee waliokuja kusikia jibu wakatazamana. Nikasema inataka kusukumwa kidogo tu. Vijana walikuwa shambani, wakaja akina mama. Nikaweka gia ya pili, nikabana klachi, macho mbele. Wakasukuma, nikaachia. Ikakohoa, halafu ikanguruma. Furaha niliyoipata!

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, karibu kabisa na sikio: "Shikilia, mkwe wangu, imekubali."

Sauti ile niliijua. Ndiyo hunisalimia kutoka ndani ya jiko kila ninapokuja. Kwetu huku mama mkwe hasogelewi, hapewi mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Sasa mikono yake ilikuwa mgongoni kwangu.

Mtu mwenye akili angeongeza mafuta akaenda zake. Mimi nikaruka. (Kwa heshima, mnielewe.) Mguu ukanasa kwenye karia ya mizigo, nikamwangukia mama mkwe mzimamzima, tukabingirika wote wawili kwenye mihogo iliyoanikwa. Tuliinuka weupe kama watu waliotoka kwenye mashine ya kusaga unga. Amoding alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

Pikipiki ikaenda peke yake mpaka kwenye migomba, ikalala ubavu, bado inanguruma. Mzee hata hakututazama. Aliifuata, akainama, akaisikiliza kwa muda.

"Hii kitu iko mzima kweli," akasema. "Pikipiki nimekubali. Wewe leta mbuzi kwanza, tusafishe hii aibu, halafu tunaongea mambo ya binti."

Basi natafuta mbuzi. Naomba msinicheke, nimechekwa vya kutosha. Mama mkwe mwenyewe alicheka mpaka leso ikamdondoka, na kwa mila zetu sikuruhusiwa hata kumwokotea.